Naushad au Ilaiyaraaja: nani alijua kutia raga kwenye filamu?

Santuri_Kuukuu: Wadau, nyimbo za filamu za Kihindi nazisikiliza kiholela tu. Sasa nataka nishikane na mtunzi mmoja aliyesomea kwa maustadhi muziki wa jadi, ule wa raga (mpangilio maalumu wa noti unaojenga wimbo), nimfuate tangu mwanzo. Nimebakiwa na wawili, Naushad Ali wa Bombay na Ilaiyaraaja wa Madras. Nianze na yupi? Lugha zao sizijui, nina sikio tu.

Mzee_wa_Majestic: Naushad, mwanangu, wala usijiulize mara mbili. Mzaliwa wa Lucknow, 1919. Baba yake hakutaka hata kusikia habari za muziki, kijana akawa anatengeneza harmoniamu mbovu huku akijifunza kwa Ustad Ghurbat Ali na Ustad Yusuf Ali. Mwaka 1937 akatorokea Bombay, akawa analala kando ya barabara kule Dadar. Rattan (1944) ndiyo iliyompandisha, lakini wewe anzia Baiju Bawra ya 1952. Kisa chake kinaishia kwenye shindano la waimbaji wawili, na humo wanaoimba ni Ustad Amir Khan na D. V. Paluskar, mabingwa wa jukwaani hasa. Tuzo ya Filmfare ya mtunzi bora ilipotolewa kwa mara ya kwanza, 1954, aliichukua yeye kwa filamu hiyo.

Bint_Kizingo: Shikamoo mzee. Ukimwita Amir Khan aimbe, sifa si za Amir Khan hizo? Mtazame Ilaiyaraaja kwenye Sindhu Bhairavi (1985). Dada anasimama mbele ya gwiji wa Karnataki, muziki wa jadi wa India Kusini, anaimba wimbo wa kijijini, wa watu wa shamba kabisa. Mara wimbo unateleza, na kabla hujashtuka yuko ndani ya utenzi wa Thyagaraja, mtunzi mkubwa wa zamani wa Karnataki, raga ileile! Filamu hiyohiyo ina wimbo wa mwimbaji Yesudas katika raga Kalyani ambao noti zinapanda tu, hazishuki hata mara moja. Hapo hajaazima koo la ustadhi yeyote, ni akili yake.

Mzee_wa_Majestic: Marahaba binti. Basi msikilize Rafi kwenye Man Tarpat, Baiju Bawra hiyohiyo. Malkauns, raga ya noti tano, na anayeimba ni mwimbaji wa sinema. Maneno ya Shakeel Badayuni, muziki wa Naushad, koo la Rafi: Waislamu watatu, na wimbo ni bhajan, wimbo wa ibada ya Kihindu, wa kumwomba mungu Hari. Na kuazima nako kuna ufundi wake. Katika Mughal-e-Azam (1960) alimleta ustadhi Bade Ghulam Ali Khan, ambaye inasimuliwa alitaja rupia 25,000 kwa wimbo mmoja ili wamkimbie, wakati waimbaji wa sinema Lata na Rafi walikuwa hawafikishi 500. Wakakubali! Na Naushad hakumweka mbele ya kamera. Mzee anaimba raga Sohni kwa mbali, nyota wa filamu Dilip Kumar anampitishia mwenzake Madhubala unyoya usoni, hakuna anayesema neno.

Bint_Kizingo: Hiyo ya unyoya nakuachia, mzee.

Fidla_Tatu: Mnasahau kalamu. Ilaiyaraaja alipitia kwa Dhanraj Master akasoma muziki wa Kizungu, kwa hiyo anakaa anaandika noti za kila chombo mwenyewe, fidla hadi besi, wapigaji wanasoma. Ndiyo maana amefikisha filamu zaidi ya 1,000. Naushad hakufika hata 100. Yeye alipenda okestra kubwa pia, filamu yake Aan inatajwa kuwa na wapigaji 100, ila kiini chake ni uimbaji. Ukipenda vyombo vinavyopigwa chini ya sauti ya mwimbaji, nenda Madras.

Pwani_Sikio: Santuri, kama umekulia kwenye taarabu ya Juma Bhalo, mahadhi ya Bombay yako sikioni tayari. Gamaka za Kusini, yaani kuyumbisha na kupamba noti kwa sauti, zitakusumbua mwanzoni. Naushad kwanza.

Santuri_Kuukuu: Haya, Baiju Bawra leo, Sindhu Bhairavi wikendi. Mughal-e-Azam nitafute ya rangi au ya zamani?

Mzee_wa_Majestic: Ya zamani. Ile ya rangi ya 2004, vyombo vilipigwa upya kwa ajili ya spika za kisasa, sauti za waimbaji ndizo zilizobaki.

Bint_Kizingo: Na Sindhu Bhairavi usiiruke nyimbo ukakimbilia hadithi. Nakujua.