Njia panda za barabara ya Tabora–Kigoma hazina namba, magari yanapotea, wahusika wamelala tu

Wakuu salaam. Nimekuja na hasira na naomba msinitulize.

Jana semi imetoka Dar kuja kupakia mahindi yangu kule ndani, katikati ya Urambo na Kaliua. Dereva mgeni, njia hii hajawahi kupita. Nikamwelekeza, ukitoka Urambo nyoosha, ukiona mwembe mkubwa na kijiwe cha bodaboda kata kulia. Baadae utingo ananipigia, "Bosi tupo kwenye mwembe." Mwembe upi? "Si huu mkubwa." Jamani Unyamwezini huku miembe mitupu, kila kijiji kina mwembe mkubwa na bodaboda chini yake! Wakapitiliza, na semi haigeuki popote barabarani, wakaenda kupata pa kugeuzia Kaliua mjini, huku vibarua wangu wamekaa juu ya magunia toka asubuhi na hela yao ya siku iko pale pale, alafu dereva anataka nimuongezee dizeli. Mimi ndo nimng'oe yule mwembe au?

Mwaka 2022 kabla ya sensa tuliwekewa namba za nyumba, hadi banda la jirani yangu lisilo na mlango lina kibao. Ila njia panda inayoingiza semi haina hata namba ya chaki. Kwa nini?

Alafu nikiongea kijiweni wapo wanaojibu eti zipewe tu 1, 2, 3 yaishe. Haiishi hivyo! Uingereza ndo wanavyofanya kwenye njia panda za barabara kuu zao, sasa ikija kuongezwa njia mpya katikati inabidi wachomeke herufi, ile barabara inayozunguka London, M25, ina 1A na 1B. Massachusetts huko Marekani walikaa na 1, 2, 3 miaka na miaka, mwaka 2020 wakaanza kubadili vibao wafuate maili, yaani namba ya njia panda iwe ndo maili yake toka hesabu inapoanzia. California ndo kichekesho, barabara zote zile na magari yote yale, namba za njia za kutokea barabara kuu wameanza kuweka kwa mpango wa jimbo zima mwaka 2002.

Namba ikifuata umbali, utingo anajitolea hesabu mwenyewe. Upo 87, unaenda 120, zimebaki 33, kwisha. Kesho wakichonga njia mpya inachukua namba ya kilomita yake, hakuna kibao kingine kinachoguswa.

Na msiniambie huko mbele hawana vituko. Kansas City huko huko Marekani, pale katikati ya mji, njia za kutokea zimebanana kwenye namba moja mpaka zimeitwa 2A, 2B wakaenda hivyo hivyo hadi 2Y, I na O wakaziruka maana zinafanana na 1 na 0. Huku kwetu hatufiki huko, ukitoka kijiji hiki hadi kingine unaweza kusinzia.

Kuna na barabara kuu ya I-19 ya jimbo la Arizona, Marekani, kutoka Nogales mpakani na Mexico mpaka Tucson, namba zake zinafuata kilomita wakati nchi nzima inahesabu maili, na vibao vya spidi papo hapo ni vya maili. Walipotaka kuzirudisha kwenye maili wafanyabiashara wakakataa, kwa sababu hoteli na maduka yanaelekeza wateja kwa zile namba, zikibadilishwa matangazo yote yanakuwa uongo. Mnaona? Kule mtu anapigania namba isiguswe, mimi hapa napigania iwepo.

Najua mtakachogombania ni sifuri iwe wapi. Watu wa Kigoma mtasema ianzie ziwani, wa Tabora watasema kwao, mimi ingekuwa amri yangu ningeanzia Manyoni maana mizigo mingi inaingilia huko. Ila popote mtakapoweka, tusiige ile ya Wamarekani kuanza kuhesabu upya kila wakivuka jimbo, maana barabara hiyo hiyo moja ina njia namba 10 jimbo hili na njia namba 10 jimbo la mbele. Tukifanya hivyo kwa mikoa, dereva atakuwa na 40 ya Tabora na 40 ya Kigoma, tutarudi kuulizana mwembe upi. Hesabu iwe moja, ipite Urambo, Kaliua, ivuke Malagarasi, ipite Uvinza mpaka Kigoma mjini bila kukatika.

Mwenye namba ya simu ya mhusika yeyote wa barabara anayepokea simu aje inbox, na huyu dereva wa dizeli naye bado ananipigia hapa.