Mwalimu wa Kiingereza mwenye paspoti ya Tanzania: Thailand, China au Oman?

Mjukuu_wa_Kilwa
Habari za jioni wakuu. Nina shahada ya ualimu, Kiingereza na Historia, na huu ni mwaka wa tano nafundisha sekondari ya binafsi hapa Lindi. Mkataba unaisha Desemba. Nataka nitoke kabla sijatimiza miaka 30, na sasa nina 27.

Wiki tatu nimesoma matangazo, na kinachoniuma ni kwamba yanauliza uraia kwanza, kufundisha baadaye. Korea Kusini nimeshaifuta: viza yao ya walimu wa lugha, E-2, kwa Afrika inawahusu raia wa Afrika Kusini tu. Nimebaki na Thailand, China na Oman. Aliyepita huko anisaidie: ipi inamfaa mtu mwenye shahada na uzoefu, ila Kiingereza alikikuta shuleni?

Pamba_Mbili
Mkuu, Thailand nimekaa miaka mitatu, mkoa wa Khon Kaen. Nakuambia nilichokiishi.

Kupata kazi kunawezekana kabisa. Shule nyingi zina Wafilipino na Wakameruni, kwa hiyo mwalimu asiye Mzungu si kitu kigeni. Unahitaji shahada, cheti cha polisi, na alama za mtihani wa Kiingereza. Wengi huomba TOEIC 600 au IELTS, wakati Mwingereza haulizwi. Shule inakuombea ruhusa kwa Khurusapha, baraza lao la walimu, kisha kibali cha kazi. Viza ni ya Non-Immigrant B, na mimi niliombea ubalozi wao wa Nairobi.

Sasa mshahara. Mimi na Mfilipino tuliyekaa dawati moja tulilipwa baht 22,000. Kijana wa Kiingereza aliyekuja mwaka wa pili, hajawahi kushika chaki, alianzia 35,000. Vipindi vilikuwa sawa, na mimi ndiye niliyemwonyesha namna ya kuandaa somo. Nyumba nililipa 3,500 na chakula ni rahisi, kwa hiyo niliweka akiba, lakini ile tofauti iliniuma kila mwisho wa mwezi na sitaki ukaigundue ukiwa umeshafika. Uliza kwenye usaili kama wana viwango viwili vya mishahara.

Tarehe zako si mbaya. Muhula wa kwanza unaanza katikati ya Mei na shule hutafuta watu Machi na Aprili. Desemba mpaka Machi ufanye mtihani na kuhakiki vyeti.

Zawadi_Mvita
Mwalimu, China mimi nimerudi kutoka huko. Kanuni yao inataka mwalimu wa lugha atoke nchi ambako lugha hiyo ndiyo ya mama. Wapo wenzetu waliopewa kibali, hasa waliosomea shahada kwenye nchi hizo, lakini ukitokea Lindi mlango ni mwembamba. Tena tangu Julai 2021 serikali ilipoyabana masomo ya ziada ya wanafunzi, vituo vingi vya Kiingereza vilifungwa.

Mlango ule mwembamba ndio mawakala wanaoupanua kwa uongo. Aliyeniandalia safari alinipa viza ya M, ya biashara, akasema tutabadilisha huko huko. Haikubadilishwa. Nilifundisha miezi saba nikijificha kila polisi wakipita shuleni, na mwenzangu wa chumba alikamatwa, akafukuzwa nchini. Wa halali anaingia kwa viza ya Z, ya kazi, na ndani ya siku 30 anaomba kibali cha ukaazi. Yeyote atakayekwambia vinginevyo, mkatae hata kama umeshamlipa nusu.

Kijana_Mtafutaji
Kuna wakala Dar anasema kwenye video ujitambulishe umekulia Afrika Kusini. Inasaidia?

Zawadi_Mvita
Usithubutu, mdogo wangu. Paspoti yako utaificha wapi? Siku ya kibali uongo unafichuka, na shule iliyotaka kukuajiri haitamwita tena Mtanzania wala Mkenya. Unamharibia anayekuja nyuma yako.

Mzee_wa_Matrah
Mwanangu Mjukuu wa Kilwa, Oman wewe unafaa kuliko unavyodhani. Shule za huku zinatazama shahada imeandikwa nini, na yako ni ya ualimu. Mwenye shahada ya biashara na cheti cha mtandaoni cha kufundisha Kiingereza, cha saa 120, hawamsikilizi sana. Waomani wenyewe wanapewa kipaumbele, na hiyo ni haki yao, lakini shule binafsi bado huajiri wageni. Dai iandikwe kwenye mkataba: nyumba, tiketi, bima, na kiinua mgongo. Masomo huanza mwishoni mwa Agosti au Septemba, basi anza kuomba Januari.

Na Maskati hutakuwa mpweke. Kuna mitaa utasalimiwa kwa Kiswahili dukani kabla hujafungua mdomo.

Kidoti_Ng'ambo
Naongeza jambo ambalo hukuliuliza. Wewe una Kiswahili. Mpango wa Fulbright FLTA unawapeleka walimu vijana, wengi wao wa Kiingereza, wakafundishe lugha yao kwenye vyuo vya Marekani kwa karibu miezi tisa. Umri ni miaka 21 hadi 29, maombi hupitia ubalozi wa Marekani, na hulipi kitu. Huko ndiko nilikokuwa. Kwa mara ya kwanza sikuulizwa kwa nini nazungumza kama ninavyozungumza. Lafudhi yangu ndiyo waliyoitaka. Upungufu wake: ni mwaka mmoja, unapewa posho ya kujikimu badala ya mshahara wa kujengea, na baadaye unawajibika kurudi nyumbani. Kwa umri wako ningeomba mwaka huu.

Pamba_Mbili
Hili la Kidoti ni zito. Mimi sikuwahi kuambiwa, na sasa nina 33.

Mjukuu_wa_Kilwa
Asanteni sana, shikamoo Mzee. China naifuta. Naomba FLTA na Oman pamoja, Thailand ibaki ya akiba ya Machi. IELTS nitaifanya Novemba kwa kuwa inadumu miaka miwili.

Swali moja Mzee. Cheti changu cha kidato cha nne kimeandikwa Selemani, shahada imeandikwa Suleiman. Nipeleke hivyo hivyo Mambo ya Nje wagonge mhuri?

Mzee_wa_Matrah
Marahaba. Usipeleke. Nenda kwa wakili kwanza, majina yalingane na paspoti, halafu Mambo ya Nje, halafu ubalozi wa Oman. Mpwa wangu aligonga mihuri yote juu ya tofauti ya herufi moja, akaanza upya, na nafasi yake ikachukuliwa na mtu mwingine. Kesho ni Jumatatu, anza na hilo.