Kuhuisha mtaala wa uhandisi chuoni ili mhitimu afae kiwandani: tuanze na nini?

Mdau_Mitaala
Wakuu, heshima kwenu. Tangu mradi wa HEET uidhinishwe mwaka 2021, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, vyuo vikuu vya umma Tanzania vinajenga, vinasomesha wahadhiri na kuhuisha mitaala ili elimu ya juu isukume uchumi. Majengo tunayaona. Swali langu ni la mtaala. Idara ya uhandisi mitambo inapokea wanafunzi 120 kwa mwaka na inataka mwajiri asilazimike kumfundisha mhitimu upya. Ibadili nini kwanza, na kazi hii huwa inakwama wapi?

Karakana_Kwanza
Mkuu, kabla hamjagusa orodha ya masomo, ingieni karakana na kalamu. Tuseme mna mashine sita za kukereza chuma. Wanafunzi watatu kwa mashine ni 18 kwa zamu, kwa hiyo 120 wanahitaji zamu saba. Zamu ni saa tatu. Toa nusu saa ya maelezo ya usalama na usafi, kila mmoja anashika mashine dakika 50. Jumla ni saa 21 kwa wiki, kwa zoezi moja tu.

Ratiba ikibana, idara huweka sita kwa mashine. Zamu zinashuka hadi nne, saa 12, na ratiba inapendeza. Lakini sasa kila mwanafunzi ana dakika 25. Kwa muda huo anayeshika mashine kwa mara ya kwanza hajamaliza hata kufunga chuma katikati sawasawa na kupunguza kipenyo kufikia kipimo. Aliyewahi kufanya anafanya, watano wanatazama, ripoti sita zinafanana, wote wanafaulu. Huyo ndiye mhitimu anayelalamikiwa.

Halafu kuna vifaa vinavyoisha. Mradi hununua mashine, haununui visu vya kukatia wala maji ya kupozea vya miaka kumi. Kipande cha milimita 100 kwa kila mwanafunzi ni mita 12. Weka na upotevu wa kukata, agizeni pau tatu za mita sita kwa zoezi moja. Hiyo iandikwe kwenye bajeti ya kila muhula. Isipoandikwa, mwaka wa tatu mashine zinafunikwa turubai.

Na fundi sanifu! Chuo kinaajiri wahadhiri na kumsahau yeye. Saa 21 za kusimamia, bado kuandaa na kukarabati, hazibebwi na mtu mmoja. Wawekeni wawili.

Mzani
Nakubaliana na Karakana, ila mtaala nao una hesabu zake. Kwa mfumo wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na shahada ya miaka minne ina krediti 480. Kila kamati huongeza ujasiriamali, akili mnemba, sijui nini, bila kutoa kitu. Muda wa kujisomea na wa karakana ndio unaoliwa. Sheria iwe moja: anayeleta somo jipya aonyeshe linalotoka. Tafuteni mada zinazofundishwa mara mbili na idara mbili, hazikosekani.

Mkienda kwa waajiri msiwaulize wanataka mhitimu wa namna gani. Watajibu "mbunifu, mchapakazi", na hapo hamna cha kuandika. Waulizeni: mhandisi mpya alipewa kazi gani tano katika miezi sita ya kwanza, na ipi ilimshinda? Na awepo msimamizi wa zamu, siyo ofisa rasilimali watu peke yake.

Mdau_Mitaala
Shukrani sana. Na mafunzo kwa vitendo ya wiki nane?

Mzani
Shida kubwa ni kwamba vyuo karibu vyote huwatoa wanafunzi msimu mmoja, baada ya mitihani ya mwisho wa mwaka. Kiwanda kinapokea maombi mengi kuliko mashine zake. Gaweni makundi, nusu waende muhula mwingine, lakini zungumzeni na Bodi ya Mikopo mapema, maana fedha za mafunzo hufuata kalenda mliyowasilisha. Pia daftari la kumbukumbu lipangwe kwa kufuata lile la SEAP, mpango wa miaka mitatu wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ili mhitimu asianze sifuri.

Na mkumbuke mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi tayari analipa tozo ya ufundi stadi. Ukimwomba achangie tena, atakuuliza ile inakwenda wapi. Mwombeni muda wa fundi wake, siyo pesa.

Jirani_Nairobi
Naongezea la Kenya, kwa sababu ya hizo bajeti. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha Module II, wanafunzi wa kujilipia, mwaka 1998, na vyuo vingine vikafuata. Vikaajiri na kujenga kwa karo hiyo. Udanganyifu wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ulipodhibitiwa, waliopata C+ kwenda juu, alama ya kuingia chuo kikuu, walishuka kutoka 169,492 mwaka 2015 hadi 88,929 mwaka 2016. Serikali ikawa na nafasi za kuwatosha, wa kujilipia wakapungua mno, madeni yakabaki. Kwa hiyo vyuma na visu alivyotaja Karakana msivitegemeze kwenye karo za programu za jioni za kujilipia. Viwekwe kwenye gharama ya msingi ya kila mwanafunzi, na visimame hapo hata idadi ikishuka.