Tupeane uzoefu: timu ya ridhaa kwenda mashindano ya kirafiki nje ya nchi

Katibu wa Timu

Habari zenu wakuu. Timu yetu imepata mwaliko wa mashindano ya kirafiki nje ya nchi. Ni timu ya soka ya ridhaa: watu wana kazi zao, tunakutana jioni na mwisho wa wiki, hakuna anayelipwa. Kila mmoja anajilipia nauli, malazi na fungu lake la ada ya kushiriki.

Mazoezi yanakwenda vizuri. Yanayoninyima usingizi ni mawili, makaratasi na nani acheze. Mtu aliyejinyima kwa muda mrefu ili asafiri na wenzake, namwambiaje akae benchi mashindano yote kwa sababu yupo mwenye kasi kuliko yeye? Na papo hapo, hatuendi kule kufungwa kila mechi. Waliokwishasafiri naombeni mtupe yaliyowakuta tangu siku mwaliko ulipofika mpaka mliporudi, hata yale yaliyowauma.

Meneja wa Timu ya Kazini

Hongereni kwa mwaliko. Kabla ya kukata tiketi, shughulikieni kibali. Klabu iliyosajiliwa ikitaka kucheza nje inapaswa kuruhusiwa na shirikisho la nchi yake, na shirikisho la nchi mwenyeji nalo liwe limeyaridhia mashindano hayo. FIFA ina kanuni za mechi za kimataifa, na mechi za kirafiki za klabu zimo ndani yake. Anzeni na chama kilichowasajili, kiwapeleke ngazi za juu. Kwetu jibu la kibali lilichelewa kuliko viza.

Kuhusu viza, mwaliko wa timu haumpi mtu viza. Ubalozi unapima ombi la mtu mmoja mmoja: ana kazi gani, benki ana nini, kipi kitamrudisha nyumbani. Sisi tulikuwa tunakwenda nchi ya Schengen, lile kundi la nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja. Huko ombi linapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na kwa kawaida lisipungue siku 15 kabla. Uamuzi wenyewe huchukua siku 15, lakini unaweza kufika 45 faili likihitaji kuchunguzwa zaidi. Pigeni hesabu hapo muone mnatakiwa kuanza lini.

Barua ya kwanza ya wenyeji ilitaja jina la timu tu. Tukaomba nyingine yenye majina yote, namba za pasipoti, tarehe za mechi, mahali pa kulala na nani anagharamia nini. Pamoja na hayo yote, beki wetu wa kati alinyimwa. Hakuna aliyeelewa kwa nini yeye. Kilichotunusuru ni makubaliano tuliyoyaandika kabla ya kuchangishana hata senti moja, kwamba atakayenyimwa viza, hasara ya tiketi yake tunaibeba wote. Tukaibeba. Yule beki bado anachezea timu yetu mpaka leo, na sidhani angekuwepo kama tungemwachia mzigo ule peke yake.

Mweka Hazina

Naongezea kwa aliyetangulia. Kusanyeni nakala za pasipoti mapema na mziangalie kwa macho yenu. Nchi nyingi zinataka pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi 6, na jina la kwenye tiketi lifanane na la kwenye pasipoti herufi kwa herufi. Wachezaji wetu wanajulikana kwa majina ya uwanjani, na mtu anayekusanya orodha huandika alilolizoea.

La pili, mfuko wa dharura wa timu uwe tofauti na hela za mchango, na mtu mmoja aushike.

La tatu, kila mchezaji abebe njumu zake, vilinda ugoko na jezi moja kwenye mzigo wa mkononi. Safari yetu mabegi ya karibu nusu ya timu yalibaki tulipobadilisha ndege. Waliokuwa na njumu mkononi waliingia uwanjani, waliobaki waliazima za wenyeji, na njumu ya kuazima inachuna kisigino vibaya. Betri za akiba za simu nazo zikae mkononi, haziruhusiwi kwenye mizigo ya chini ya ndege.

Kocha wa Vijana

Mimi nasafiri na watoto, kwa hiyo kwangu ridhaa ya mzazi kwa maandishi ndiyo karatasi ya kwanza. Mzazi mmoja akisaini, mwenzake naye asaini, maana uhamiaji wa nchi nyingi huuliza. Mashindano makubwa ya vijana kama Gothia Cup ya Göteborg, Uswidi, yaliyoanza mwaka 1975, timu nyingi hulala madarasani. Ulizeni mapema kama godoro na shuka ni juu yenu.

Kwenye suala la nani acheze, acheni maneno ya jumla, wekeni namba mezani. Mashindano mengi ya aina hii mechi ni fupi. Tuseme mechi ni dakika 40 na mna wachezaji 16 wa ndani, ukiwaweka makipa kando. Nafasi za ndani ni 10, kwa hiyo mna dakika 400 za kugawa. Kwa 16, kila mmoja anapata dakika 25. Mkiwa na 20, zinashuka mpaka 20, yaani nusu ya mechi. Hesabu hii ifanyike kabla ya kuamua mnachukua watu wangapi. Kikosi kikubwa kinapunguza nauli ya basi kwa kila mtu, lakini kinapunguza pia muda wa kucheza, na watu wanasafiri ili wacheze.

Mwamuzi wa Ridhaa

Nimechezesha mashindano ya wageni mara nyingi. Mkuu Katibu, sheria ziko upande wako kuliko unavyodhani. Kwa mechi za kirafiki, Sheria ya 3 ya Sheria za Soka inaruhusu timu mbili kukubaliana idadi kubwa zaidi ya wachezaji wa akiba, mradi refa aarifiwe kabla ya mchezo. Na kwa soka la ridhaa la ngazi ya chini, la vijana na la maveterani, mashirikisho yanaweza kuruhusu mchezaji aliyetoka arudi tena uwanjani. Hilo peke yake linabadilisha kila kitu kwa kocha anayetaka wote wacheze. Lakini lazima liwe kwenye kanuni za mashindano. Msifike mkadhani lipo. Waandikieni waandaaji, wajibu kwa maandishi.

Ulizeni pia urefu wa vipindi, na timu zikilingana pointi nini kinaangaliwa kwanza: tofauti ya mabao, au matokeo ya zenyewe kwa zenyewe. Timu nyingi zinalijua hili baada ya mechi ya mwisho ya kundi, na nimeona watu wazima wakilia kwa ajili yake.

Mengine ni madogo lakini nayaona kila mwaka. Bebeni jezi za rangi mbili zilizo mbali kabisa. Pete, hereni na bangili zivuliwe; kuzifunika kwa plasta hakuruhusiwi. Na mechi haianzi wala haiendelei timu ikiwa na wachezaji chini ya 7, kwa hiyo msiwaachie watu watembee mjini asubuhi ya mechi.

Kiungo Mkabaji

Mimi nina neno tofauti kidogo, na naomba lisichukuliwe vibaya. Timu yetu iligawa dakika sawa kwa kila mtu mpaka nusu fainali. Tulikuwa na vijana waliohudhuria kila mazoezi, mvua na jua, na wengine waliotokea baada ya kusikia kuna safari. Wote wakapewa dakika zilezile. Nusu fainali tulikuwa mbele kwa bao moja, kocha akafanya mabadiliko kwa kufuata saa, tukasawazishiwa, tukatolewa kwa penati. Kufungwa tungeweza kukumeza. Wale waliotoka jasho walihisi jasho lao halina thamani, na wawili hawakurudi mazoezini msimu uliofuata. Hilo ndilo lililoniuma.

Naamini kila aliyesafiri acheze. Naamini pia mahudhurio yapewe uzito. Hatua ya makundi wote wapate dakika za kutosha, hatua ya mtoano kocha achague timu anayoona inafaa, na mahudhurio ya mazoezi yaanze kuhesabiwa tangu siku mwaliko ulipotangazwa.

Kipa wa Akiba

Kiungo, nakuelewa. Nikupe upande wa mtu wa benchi.

Nilisafiri nikijua mimi ni kipa wa pili. Kabla hatujalipa chochote, kocha aliniambia mbele ya timu nzima: mechi ya pili ya kundi ni yako, hata iweje. Sentensi hiyo ilinibadilisha. Nilifanya mazoezi kama mtu mwenye tarehe. Kwenye basi, hotelini, kwenye mechi ya kwanza nikiwa nimekaa na glovu magotini, nilikuwa nawaza jinsi timu pinzani ya kesho yake ingepiga kona. Sikuwa abiria.

Mechi ya pili ikaja, na ya kwanza tulishashinda. Ushindi mwingine ungetufuzisha moja kwa moja, na najua kuna waliomfuata kocha usiku wamwombe abadilishe. Hakubadilisha. Tulitoka sare 2-2, mwisho wa kundi tukakosa nusu fainali kwa tofauti ya mabao. Hakuna aliyeninyooshea kidole, kwa sababu ahadi ile ilikuwa ya timu nzima, ilitolewa mbele ya wote na wote waliipokea. Kama kocha angeivunja usiku ule, tungeweza kuingia nusu fainali, na mimi ningerudi nyumbani mtu mwingine.

Kwa hiyo Katibu, dakika 10 au dakika 40, mwambie mtu mapema na ulitimize. Anayejua atacheza kidogo anaweza kujipanga. Asiyejua chochote ndiye anayeharibikiwa na safari.

Daktari wa Benchi

Nimesoma yote, naongea kama mtu anayebeba begi la dawa. Hoja ya kugawa dakika ina upande wa afya ambao hamjaugusa. Mtu wa ofisini aliyezoea mechi moja kwa wiki, anapewa mechi mbili au tatu ndani ya siku mbili, baada ya kukaa kwenye ndege muda mrefu. Majeraha ninayoyaona zaidi ni misuli ya nyuma ya paja na ya kigimbi, na mengi yanakuja mechi ya mwisho ya siku. Mnapozungusha kikosi mnawapa wa akiba haki yao, na mnawakinga pia nyota wenu wasichanike.

Mkivuka majira ya saa kadhaa, fikeni mapema. Mwili unahitaji takriban siku moja kwa kila saa moja ya tofauti, na kwenda mashariki ni kugumu kuliko kwenda magharibi. Pakiwa na joto, kumbusheni waandaaji kwamba Sheria ya 7 inaruhusu mapumziko ya kunywa maji yasiyozidi dakika moja, na ya kupoza mwili kati ya sekunde 90 na dakika 3.

Aliyegongwa kichwa akaonekana kuchanganyikiwa, asirudi uwanjani siku hiyo, hata akiapa yuko sawa, hata kama ni fainali. Hapo sina mjadala na mtu yeyote.

Bima isomeni mpaka mwisho. Baadhi ya bima za safari hazigharamii majeraha ya michezo ya mashindano, na neno "kirafiki" kwenye jina la kombe halibadilishi hilo. Na mkitoka au mkienda nchi yenye homa ya manjano, cheti cha chanjo kinaanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa hiyo msichanjwe wiki ya safari. Kuanzia mwaka 2016 cheti hicho ni cha maisha.

Nahodha wa Maveterani

Kwangu kilichobaki moyoni ni jioni baada ya mechi. Tulicheza na timu ambayo hatukuwa na lugha moja nayo, walitufunga, kisha wakaja kukaa meza yetu. Kipa wao alichukua vijiko na chumvi akatuonyesha jinsi ukuta wetu ulivyokuwa unakaa vibaya kwenye faulo. Tukabishana kwa mikono mpaka usiku. Mwaka uliofuata wao ndio walikuja kwetu. Pangeni ratiba yenu iwe na nafasi ya jioni kama hiyo, msiijaze matembezi yote.

Katibu wa Timu

Wakuu, nimekaa nikayasoma yote mara mbili. Asanteni sana, na Kipa wa Akiba, yako nimeisoma kwa sauti mbele ya kocha wetu.

Tulivyokubaliana naye jana ni hivi. Tunachukua wachezaji 16 wa ndani na makipa wawili, basi, ingawa nauli ya basi itapanda. Kila mchezaji wa ndani ana uhakika wa nusu ya dakika za kila mechi ya kundi, na kipa wa pili ana mechi yake iliyotajwa. Mtoano kocha anachagua, na daftari la mahudhurio linaanza kuhesabiwa wiki hii. Hayo pamoja na lile la hasara ya viza yataandikwa ukurasa mmoja, kila mtu atausaini kabla ya kulipa awamu ya kwanza. Asiyeridhika atakuwa na muda wa kusema hapana bila kupoteza hela yake. Kwa waandaaji nimeshatuma maswali: mchezaji aliyetoka kurudi uwanjani, urefu wa vipindi, na kinachotenganisha timu zikilingana pointi.

Nimebakiwa na kibali. Meneja, kama bado unayo barua mliyoliandikia shirikisho, futa majina uiweke hapa, najua kuna timu nyingine zinazoihitaji pia.