Nimemaliza Vuta N'kuvute, nisome nini sasa?

Bi Kurasa: Wapenzi wa riwaya, hamjambo? Yasmin wa Shafi Adam Shafi hajanitoka kichwani. Msichana mdogo kuozwa kwa Raza, mzee wa kumzaa! Nataka nyingine ya Unguja, ila isiwe mapenzi matupu.

Mla Vitabu: Basi shuka bandarini na Kuli, mwandishi huyohuyo. Rashidi na makuli wenzake, hadi mgomo wa 1948. Mie ndiyo naipenda zaidi, mnune tu.

Mtu wa Tanga: Nyota ya Rehema, ya Mohamed Suleiman Mohamed. Lugha yake inataka utulivu, dada, usiisomee kwenye daladala. Una nini cha kubadilishana?

Bi Kurasa: Rosa Mistika, jalada limechanika kidogo. Unaichukua?

Mtu wa Tanga: Naichukua hivyohivyo.