Tyrion alimuuza Varys, nasi tukauziwa mbuzi kwenye gunia

Ndugu wanajukwaa,

Ambaye hajafika mwisho wa Game of Thrones aishie hapa, kwa sababu nitaeleza kila kitu na sitaomba radhi. Tamthilia ilikwisha Mei 2019, lakini nimeirudia yote hivi karibuni, sehemu zote 73, na nilipofika sehemu ya tano ya msimu wa nane nilikasirika kuliko nilivyokasirika mara ya kwanza. Malalamiko yangu hayahusu majoka, wala jiji lililoteketezwa, wala nani alistahili kiti cha enzi. Hayo yamejadiliwa mpaka yamechosha. Ninalalamikia jambo moja: Tyrion Lannister, mshauri mkuu wa Malkia Daenerys, kumchongea kwa malkia huyo rafiki yake Varys, bwana wa wapelelezi, na waandishi kulipitisha jambo hilo kama karani anayegonga muhuri akiwaza chakula cha mchana.

Sisemi kwamba rafiki hawezi kumsaliti rafiki katika kasri. Kama hilo lingenisumbua, nisingemaliza hata msimu wa kwanza. Kinachoniudhi ni kwamba tamthilia hii ilikuwa imekwisha kutuonyesha, kupitia watu hawahawa wawili, jinsi usaliti wa namna hiyo unavyoandikwa. Rudini msimu wa nne, mwaka 2014. Tyrion anashitakiwa kwa kumwua mpwa wake, Mfalme Joffrey, kwa sumu, na miongoni mwa mashahidi wanaosimama dhidi yake ni Varys, mtu yuleyule aliyewahi kumwambia kwamba bila yeye jiji lisingenusurika. Tyrion anamwuliza mbele ya baraza zima iwapo amesahau maneno hayo, naye Varys anajibu kwa huzuni kwamba yeye hasahau kitu. Jibu hilo fupi linabeba kila kitu: towashi asiye na ukoo, ardhi wala jeshi hawezi kusimama upande wa mtu ambaye baba yake mwenyewe, Tywin Lannister, ameshaamua kumwangamiza, hivyo anaiokoa shingo yake hadharani na deni lake analiweka moyoni. Mwishoni mwa msimu analilipa. Jaime anamfungulia ndugu yake gereza, Varys anamtia sandukuni na kumpakia melini, na kengele za jiji zinapoanza kulia anatambua kwamba hata yeye hana pa kurudi, akapanda meli ileile, akiacha cheo alichokilinda chini ya wafalme wanne. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na hiyo ndiyo dhiki yenyewe.

Sasa tazameni msimu wa nane. Siri ya nasaba ya Jon Snow, kwamba ndiye mrithi halali wa kiti cha enzi kuliko malkia, inawafikia dada zake kwa kiapo, mmoja wao, Sansa, anakivunja na kumwambia Tyrion, Tyrion anamwambia Varys. Varys hakuipata siri hiyo kwa wapelelezi wake. Aliletewa na rafiki yake, ambaye anajua fika kwamba bwana huyu huangalia maslahi ya raia kabla ya taji la yeyote. Ukimpa mtu wa aina hiyo jina la mfalme mbadala, unajua atafanya nini nalo. Naye akafanya. Tyrion anamwona akizungumza na Jon ufukweni, na muda mfupi baadaye yuko mbele ya malkia akimtaja msaliti. Msimu mmoja nyuma, malkia huyohuyo alimwahidi Varys, Tyrion akiwa chumbani humohumo, kwamba akimsaliti atamchoma akiwa hai. Kwa hiyo Tyrion hakwenda kuomba rafiki yake akemewe. Alikwenda akiijua hukumu.

Je, alifanya hivyo kwa hofu, kwa kuwa makosa yake yalikuwa yamerundikana na imani ya malkia kwake ilikuwa inayeyuka? Au alimwamini malkia kwa dhati? Au aliona kwamba mvujaji wa siri ni yeye, na kwamba atakayetangulia kusema ndiye atakayesalimika? Hilo la tatu lingekuwa tamu na la kutisha, hasa kwa kuwa malkia analigundua papo hapo: anaelewa kwamba siri ilipita kwa Tyrion. Hata hivyo, aliyeivujisha anabaki na beji ya Mkono wa Malkia, yaani mshauri mkuu, kifuani, na aliyeipokea anapelekwa ufukweni usiku kuchomwa na joka. Waandishi walikuwa na hazina mikononi mwao wakaipita.

Wapo watakaosema kwamba usaliti wa kasri daima huwa na kiza. Ni kweli kwamba mwaka 803 Khalifa Harun al-Rashid, huyu tunayemjua sote kutokana na hadithi za Abunuwasi, aliamuru kuuawa kwa Jafar wa ukoo wa Barmaki, waziri na mwandani wake, na wanahistoria bado wanabishana kuhusu sababu. Lakini mwanahistoria amefungiwa mlango. Mwandishi wa tamthilia ndiye mwenye ufunguo. Wala nisiambiwe kwamba muda haukutosha. Msimu wa nane ulikuwa na sehemu sita tu badala ya kumi, nakubali, ila sehemu ya tatu ilitumia zaidi ya saa nzima kwa vita vya gizani. Usiku mmoja wa Tyrion akitembea peke yake na uamuzi wake ungechukua dakika nne.

Baadaye, gerezani, anamwambia Jon kwamba alimsaliti rafiki yake mpendwa na kumtazama akiungua. Ni maneno machache, na papo hapo majuto hayo yanageuzwa ngazi ya kumshawishi Jon amwue malkia. Kisha Tyrion anapewa cheo kilekile, safari hii chini ya Mfalme Bran. Katika kikao cha baraza jipya, baada ya yeye kuhangaika kuvipanga viti kimoja kimoja, mfalme anaona kwamba hakuna Bwana wa Minong'ono, yaani nafasi ya Varys. Tyrion anajibu kwamba watu wanaofaa wataletwa katika wiki zijazo, na mazungumzo yanahamia kwenye meli na madanguro.