Shule na mzazi wakivutana juu ya mtoto mwenye mahitaji maalum, nani alete ushahidi?

Mama Nuru, Kisauni
Jamani naomba mawazo yenu. Mwanangu ana usonji, miaka tisa. Juzi nimeletewa barua ya shule, "baada ya kukubaliana na mzazi" mtoto ahamishwe aende shule ya spesho. Mie sijakubaliana na mtu wallahi! Niliitwa ofisini dakika kumi, naibu anakunywa chai, nikaambiwa weka saini hapa ya kuonyesha umefika, kumbe ndo hiyo saini. Nasikia hata Marekani mahakama ilisema mzazi akilalamika yeye ndo athibitishe. Sasa nithibitishe na nini na mafaili yote yako kwao? Mie nna bahasha moja ya kaki, ndani ripoti ya asesmenti na chai imeshaimwagikia.

Pwani Si Kenya
Hiyo kesi ya Marekani ni ya 2004 nadhani

Wakili Nusu
2005 kaka, kesi ya Schaffer na Weast. Na 2006 mahakama hiyo ikazidisha, hata ukishinda, pesa ulizomlipa mtaalamu aje kukutetea hurudishiwi, za wakili ndo waweza kurudishiwa. Ila New Jersey 2008 wakatunga sheria yao, shule ndo ithibitishe. Kwetu Kenya dada, ibara ya 22 ya Katiba yasema kufungua kesi ya haki zako hulipi ada, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 yakataza kumbagua mtoto kwa ulemavu anapotafuta nafasi shuleni.

Babake Mapacha
Ada ya kufungua hulipi, sawa, na wakili je? Na siku za kazi unazopoteza kwenda kortini kuambiwa njoo mwezi ujao?

Mwalimu Mstaafu
Mnajua sheria, darasa hamlijui. Nimefundisha miaka 31, watoto themanini chumba kimoja, mmoja akipiga nduru wote wamesimama. Na tuambiane ukweli, hizi usonji zingine ni simu tu, mtoto amelelewa na katuni tangu anatambaa.

Mama Nuru, Kisauni
Shikamoo mwalimu. Umri wako nauheshimu lakini hapo umenichoma. Simu yangu ni mulika mwizi, katuni gani itaingia humo? Mwanangu kengele ya paredi ikilia anaziba masikio analia, hiyo nayo ni katuni?

Pwani Si Kenya
Mulika mwizi na humu unaandika vipi 😂

Mama Nuru, Kisauni
Simu ya dadangu. Nenda kamuulize.

Bi Mkubwa wa Old Town
Usonji hauletwi na simu, mwalimu, acha hizo. Wa kwetu alizaliwa hivyo kabla hata hatujajua simu ya mkononi ni nini, tukaambiwa ana jini, tukazunguka naye kwa waganga mpaka ng'ombe zikaisha.

Mwalimu Mstaafu
Marahaba mwanangu. Sikukusema wewe, nilisema zingine.

Babake Mapacha
Zingine ndo nani sasa? Kila mzazi mkimwambia si yeye, nyote mnamsema nani? Mie shule iliniambia nitafute shedo ticha, yaani mwalimu wa kukaa na mtoto darasani, mwenyewe, nimlipe mwenyewe, na nauli ya tuktuk, na bado karo nalipa kama wenzangu.

Mwalimu Mstaafu
Na huyo mwalimu wa darasa amlipe nani? Wazazi mwafikiri tuna mikono minane. Mimi nilikuwa nanunua chaki kwa mfuko wangu!!

Pwani Si Kenya
Chaki tena? Si tulikuwa kwa simu

Wakili Nusu
Tulikuwa kwa ushahidi jamani. Mama Nuru, waandikie, waombe kopi ya faili la mtoto na kumbukumbu za hicho kikao, barua wakuwekee muhuri wa kupokea ubaki na kopi yako. Wakikunyima, huo pia ni ushahidi. Na usisaini kitu tena ukiwa umesimama.

Mwalimu Mstaafu
Hapo kijana kasema kweli. Kitabu cha wageni ndo cha kusaini ukifika, si karatasi nyingine.

Bi Mkubwa wa Old Town
Kwani mulika mwizi haina redio?

Mama Nuru, Kisauni
Inayo bi mkubwa. Taarabu ikianza mwanangu ananyamaza tuli, anaishika na mikono miwili. Haya, dada ameshakuja kudai simu yake.